Pikipiki imegoma kuwaka: uanze na moto au uanze na mafuta?

Saa 11 alfajiri, kijiwe bado kina giza, na mtu mmoja anapiga kiki. (Kiki ya mguu, siyo ile ya wasanii.) Amepiga ya kumi, ya kumi na tano, jasho linamtoka na koti bado limefungwa hadi shingoni. Ikifika ya ishirini wenzake wameshamzunguka na kijiwe kimegawanyika. Hawa wanasema, "Kabureta hiyo, fungua kabureta." Wale wanasema, "Plagi hiyo, haina moto." Kila upande una ushahidi wake, kwamba ya fulani mwezi uliopita ilifanya hivihivi. Mwenye pikipiki ana abiria anamsubiri, basi anamfuata mwenye sauti kubwa.

Nimewahi kukaa pande zote mbili za ubishi huo, na pande zote mbili nimewahi kukosea na kulipia. Humu nazilinganisha njia hizo mbili, ya moto (cheche ya plagi) na ya mafuta (petroli na kabureta inayoichanganya na hewa), ili ukiwa umesimama na spana mkononi ujue uanzie wapi. Mwishoni nagusia betri, kubadilisha spea, na pikipiki zisizo na kabureta. Ninazozisema hasa ni pikipiki za CC 100 hadi 150 zenye kabureta: injini za mtindo wa Honda CG125, ile iliyotoka mwaka 1976 na ambayo viwanda vingi vya China vimeinakili mpaka leo, pamoja na Boxer na TVS za kabureta.

Kwanza mambo ya aibu

Swichi nyekundu ya kuzimia, pale mkono wa kulia. Koki ya mafuta. Mafuta yenyewe ndani ya tangi. Gia, maana selfu nyingi hazizunguki mpaka iwe nyutro au ubane klachi, na baadhi ya pikipiki zinakataa kama stendi ya pembeni iko chini.

Usinicheke. Niliwahi kupiga kiki karibu nusu saa nje ya nyumba ya msiba, nikafungua plagi, nikaisugua, nikairudisha, mpaka mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, kuna mtoto alikuwa anaichezea hapo." Swichi nyekundu ilikuwa imezimwa.

Ilizimaje?

Hili ndilo swali la kwanza, na halihitaji spana. Moto na mafuta havifi kifo kimoja.

Pikipiki iliyokuwa kwenye mwendo ikakata papo hapo bila kukohoa, kama umeme uliokatika mtaani, mara nyingi imepoteza moto. Waya umechomoka, CDI (kiboksi kinachopangia plagi wakati wa kutoa cheche) imekufa, koili inayoipa plagi umeme mkali imekatika, swichi imeoza ndani. Mafuta hayakatiki hivyo. Hata ukifunga koki kwa mkono wako sasa hivi, kikombe cha kabureta kina akiba ya kukusogeza mbele kidogo. Kisha pikipiki inapungua nguvu, inakohoa, inavuta tena kidogo, inakohoa, ndipo inalala. Iliyokufa kwa kukohoa, anza na mafuta.

Kama haikufia njiani bali imegoma asubuhi, angalia ilikolala na ilikopita. Iliyonyeshewa usiku kucha, au jana ilipita kwenye dimbwi la masika maji yakafika kwenye silinda, anza na moto: maji yameingia kwenye kofia ya plagi. Iliyokaa ndani miezi miwili mwenyewe akiwa safarini, anza na mafuta: sehemu nyepesi ya petroli imeruka, kilichobaki kimegeuka utando wa kunata ndani ya jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopitisha petroli. Iliyoanguka ikalala ubavu, mafuta yamefurika; hiyo isimamishe, funga koki, subiri. Iliyojazwa jana jioni mafuta ya chupa kando ya barabara, sina haja ya kusema.

Baridi nayo ina neno. Dar mtu anaweza kumaliza mwaka hajagusa choki (ya kuizidishia petroli injini iliyo baridi), akasahau hata iko wapi. Mpeleke Njombe mwezi wa 7 na pikipiki hiyohiyo, asubuhi atasema ni mbovu, kumbe inadai choki tu.

Fungua plagi, lakini baada ya kiki saba

Watu wa moto na watu wa kabureta wote wangekubaliana kama wangeanzia hapa. Plagi iko mahali ambapo moto na mafuta vinakutana, kwa hiyo inabeba habari za pande zote mbili. Kosa ni kuifungua kabla haijapata nafasi ya kulowa. Weka choki, fungua koki, piga kiki kama saba hivi za nguvu, ndipo uitoe mara moja.

Kabla ya kulegeza, puliza mchanga unaoizunguka. Ukidondokea ndani unakwenda kukwaruza silinda. Injini iwe imepoa, maana kichwa cha injini ni cha aluminiamu na uzi wake unachunika plagi ikilazimishwa ikiwa ya moto. Injini za CG hutumia plagi ya D8EA, spana namba 18. Ndogo za mtindo wa Honda Cub hutumia C7HSA, spana namba 16. Spana isiyo yake inavunja kauri nyeupe, na ufa wa kauri ni mwembamba kama unywele, huuoni.

Sasa iangalie kwenye mwanga, na uinuse.

| Plagi imetokaje | Inasema nini | Uelekee wapi |
|---|---|---|
| Kavu, haina harufu ya petroli | Mafuta hayafiki | Mafuta |
| Imelowa, inanuka petroli | Yanafika lakini hayawashwi, au yamezidi | Moto kwanza, kisha boya la kabureta na choki |
| Nyeusi, masizi makavu | Petroli nyingi kuliko hewa | Filta ya hewa, choki iliyokwama, kabureta |
| Nyeusi, inateleza kwa oili | Oili inapanda juu | Ringi au sili za valvu |
| Nyeupe kama chokaa | Hewa nyingi, petroli kidogo | Jeti chafu, mpira wa kabureta uliopasuka |
| Kahawia, kama chai ya maziwa | Ilikuwa inaungua vizuri | Tatizo ni jipya. Rudi kwenye swali la ilizimaje |

Mistari miwili ya kwanza ndiyo inayomaliza ubishi mwingi. Mingine inaeleza afya ya injini ya siku nyingi, na pikipiki inaweza kuishi na plagi nyeusi miezi kabla haijagoma.

Ukienda upande wa moto

Njia hii ni ya haraka na mikono haichafuki. Ubaya wake ni kwamba ukivuka plagi na kofia yake, unaingia kwenye spea za bei na ambazo kwa macho huwezi kujua kama ni nzima.

Rudisha plagi ndani ya kofia, laza chuma chake kwenye mapezi ya injini, mbali na tundu lake maana pale panatoka mvuke wa petroli, kisha piga kiki ukiangalia ncha. Shika kofia, usishike chuma. Ukishika chuma utajua mwenyewe. Cheche ya bluu inayolia "tak, tak" ni nzima. Ya njano au nyekundu, nyembamba, ni dhaifu: hapo nje itaonekana ipo, ndani ya silinda penye mgandamizo itazimika. Watu wengi wanadanganyika hapa. Wameona moto, wanahamia kwenye kabureta, wanapoteza asubuhi nzima. Pia usipige kiki plagi ikiwa inaning'inia hewani bila kugusa chuma. Umeme unaokosa pa kwenda unaweza kuiua CDI.

Hakuna cheche? Chomoa kofia ya plagi kwenye waya. Ile ya kawaida inazungushwa kama skrubu. Kata waya kidogo, kama sentimita moja, urudishie kofia kwenye shaba mpya. Kazi hiyo ya dakika mbili imenifufulia pikipiki nyingi wakati wa mvua kuliko kitu kingine chochote. Ikishindikana, jaribu plagi nyingine. Ikishindikana tena, tafuta waya wa kuzimia. Kwenye injini hizi za mtindo wa Honda mara nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe, na kazi yake ni kuipeleka CDI kwenye ethi (chuma cha pikipiki) unapozima. Ukiuchomoa kwenye CDI na moto ukarudi, CDI ni nzima, mbovu ni swichi ya ufunguo au ile nyekundu. Ukijaribu hivyo kumbuka kwamba injini ikiwaka haitazimika kwa ufunguo. Utaizima kwa kuweka gia ya juu, kubana breki na kuachia klachi.

Ikifika hapo bado giza, waliobaki ni koili, CDI na koili za magneti (zinazozalisha umeme injini ikizunguka). Nitazirudia kwenye suala la kununua, maana hapo ndipo pesa inapoliwa.

Nafasi ya ncha za plagi kwa injini hizi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Huna fila geji ya kupimia? Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Ikipita kati ya ncha bila kugusa, nafasi imezidi.

Ukienda upande wa mafuta

Huku ni kwa subira. Utanuka petroli mpaka jioni, na ukiwa mzembe utapoteza skrubu ndogo kwenye mchanga. Lakini karibu kila kitu kinarekebishwa kwa kusafisha, bila kununua. Ndiyo maana mwenye mfuko mwepesi na muda mwingi anaupenda upande huu, na hana makosa.

Usianze kwa kufumua kabureta. Chini ya kikombe chake kuna skrubu ya kumwagia. Weka chupa ya maji ya kunywa iliyo angavu, legeza skrubu, acha itiririke. Hapo unajifunza mambo matatu kwa mpigo. Isipotoka hata tone, mafuta yanazuiwa huko juu: koki, filta, bomba lililokunjika. Ikitoka kidogo halafu ikakata wakati koki iko wazi, yanafika kwa shida. Ikitoka vizuri, iache chupa itulie dakika moja uiangalie kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini kama matone ya kioo, na mstari kati yao utauona wazi.

Halafu kuna kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kupitisha hewa, na likiziba kwa vumbi, petroli inaposhuka inaacha ombwe nyuma yake mpaka inagoma kushuka. Nilijifunza hilo barabara ya Morogoro, kati ya Kibaha na Chalinze. Pikipiki ilikuwa inakwenda vizuri kiasi cha kilomita ishirini, inakohoa, inalala. Nikisubiri robo saa inawaka kama haikuwa na neno. Fundi mmoja njiani aliniuzia koili. Wa pili akaniuzia CDI. Hakuna aliyeniuliza inazimaje, nami sikujua kwamba ni swali. Mara ya nne ilipolala, mzee mmoja aliyekuwa anauza mahindi ya kuchoma alifungua kifuniko cha tangi tu, tukasikia "fyuuu", hewa ikiingia ndani. Akakirudisha bila kukikaza, akaniambia niende nacho hivyohivyo mpaka nyumbani. Pini ya nguo ilimaliza kazi. Ile koili na CDI ninazo mpaka leo, nzima kabisa.

Kama mafuta yanafika kwenye kikombe na plagi bado kavu, sasa kabureta inastahili kufunguliwa. Dalili ya jeti ndogo iliyoziba ni pikipiki inayowaka kwa choki tu na kuzima ukiirudisha. Jeti ndogo ndiyo inayolisha injini wakati wa kuwaka na kusimama tuli. Ile kubwa hufanya kazi ukivuta resi. Basi anayesafisha jeti kubwa pekee, kwa kuwa ndiyo anayoiona kwanza, anairudisha kabureta ikiwa na ugonjwa uleule. Isafishe kwa kupuliza na kwa kitu laini, kama unywele mmoja wa brashi. Waya mgumu unapanua tundu, na jeti iliyopanuka haina dawa zaidi ya kununua nyingine. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ikaze taratibu mpaka iguse huku ukihesabu mizunguko, uiandike hata kwenye kiganja. Wakati wa kurudisha utashukuru.

Kinyume chake ni kufurika. Petroli inavuja kwenye bomba la pembeni la kabureta, plagi inatoka inachuruzika. Mara nyingi uchafu umekaa kwenye sindano ya boya, ile inayofunga petroli kikombe kikijaa. Kabla ya kufungua, gonga kikombe taratibu kwa mpini wa bisibisi. Wakati mwingine uchafu unasogea na sindano inafunga. Kisha rudisha choki, vuta resi mpaka mwisho, ushikilie hapohapo, piga kiki mfululizo. Hewa nyingi itakausha silinda. Usiongeze choki kwa hasira. Unaongezea maji mtu anayezama.

Na mafuta yaliyochakachuliwa? EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama za siri za kuyatambua) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo wa kuchanganya mafuta ya taa, ila petroli ya kwenye chupa imepita mikono mingi tangu ilipotoka kituoni. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli inaruka haraka na karatasi inabaki karibu safi. Yenye mafuta ya taa inaacha duara linaloteleza ukiligusa. Injini iliyonyweshwa hayo inasumbua asubuhi ikiwa baridi, inawaka kwa moshi, na ikishapata moto inakwenda, ndiyo maana mwenyewe anasema "ikishachemka haina shida."

Basi uchague ipi?

Ukiwa barabarani na huna kifaa zaidi ya spana ya plagi, moto kwanza, hata kama moyo unakuambia mafuta. Plagi, kofia na waya ni kazi ya dakika kumi, na ukikosea hujaharibu kitu. Kabureta iliyofumuliwa kando ya barabara, upepo unavuma, magari yanapita, ni mwanzo wa kusukuma mpaka nyumbani.

Ukiwa nyumbani na pikipiki imekaa siku nyingi, mafuta kwanza, bila hata kufungua plagi. Mwaga ya zamani kwenye kikombe, weka mpya, jaribu.

Kuna hali moja inayozikataa njia zote mbili. Moto wa bluu upo, plagi inalowa, mafuta ni safi, na bado haiwaki. Sikiliza mguu wako. Kiki inashuka laini, haina ule ukinzani wa kati? Mgandamizo umepotea. Ziba tundu la plagi kwa kidole na umwombe mtu apige kiki: pumzi inapaswa kukisukuma kidole kwa nguvu. Ikiwa dhaifu, mimina oili kijiko kimoja cha chai kwenye tundu, ujaribu tena. Ukinzani ukirudi, ringi zimechoka. Usiporudi, ni valvu, na kabla ya kukubali kufumua kichwa mwambie fundi apime nafasi zake kwanza. Kwenye CG125 ni milimita 0.08, injini ikiwa ya baridi, kwa zote mbili. Zikibana hazifungi sawasawa, na kurekebisha ni kazi ya nusu saa.

Kiki, selfu, au kuishtua?

Hapa watu wanaua betri na miguu bila sababu. Cha kujua ni moto wa pikipiki yako unatoka wapi. Nyingi za mtindo wa CG zina CDI inayolishwa moja kwa moja na koili ya magneti, kwa hiyo kiki inawasha hata betri ikiwa imekufa kabisa. Nyingine zina CDI inayolishwa na betri. Hizo betri ikilala, utapiga kiki mpaka kesho. Jaribio ni rahisi: toa fyuzi ya betri, piga kiki. Ikiwaka, ni ya kundi la kwanza. Izime urudishe fyuzi, usiizurure nayo hivyo, taa zinaweza kuungua.

Selfu ni ya injini iliyo nzima. Bonyeza sekunde tano, pumzika nusu dakika, rudia mara mbili tatu, basi. Ikilia "tik tik tik" bila kuzunguka, betri haina nguvu au vichwa vyake vimeshika kutu nyeupe. Ikiwa kimya kabisa na taa hazipo, angalia fyuzi kabla ya kumlaumu mtu.

Kuishtua kunafaa pale kiki imevunjika au betri haina nguvu ya kuzungusha stata tu. Washa ufunguo, gia ya pili, bana klachi, kimbia nayo. Ikishika mwendo kaa kitako kwa kishindo huku unaachia klachi. Gia ya kwanza inafunga tairi la nyuma, utaburuza tu. Lakini kuishtua pikipiki isiyo na moto au isiyo na mafuta ni mazoezi ya viungo. Kama kiki ishirini hazikusaidia na mgandamizo upo, mita mia mbili za kukimbia hazitasaidia.

Kuchaji betri au kununua? Pima kwa mita. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Chini ya 12 imeisha. Bonyeza selfu huku unaangalia: ikiporomoka chini ya 9.5 hivi wakati ilianza imejaa, imechoka ndani, nunua. Kama ilikuwa imeisha tu, ichaji, ila kwa chaja ndogo. Betri ya Ah 7 inataka kama ampea 0.7. Wale wa kuchaji betri za malori wakiiunga pamoja na za malori itachemka, irudi imejaa na maisha yake yamekatwa nusu. Ya maji unaiongezea maji ya betri yaliyosafishwa, siyo asidi. Kisha injini ikiwaka, pima tena ukivuta resi kidogo. Kati ya 13.5 na 14.5, chaji ipo. Isipopanda, betri mpya nayo italala baada ya siku chache. Ikivuka 15, regyuleta inayodhibiti chaji imekufa na inaipika betri.

Kusafisha au kununua

Plagi, nunua. Isugue kwa msasa laini ikufikishe nyumbani, lakini bei yake ni kama sahani ya wali maharage, na ya zamani inaweza kutoa cheche nje ikagoma ndani. Nunua mbili, moja ikae chini ya siti. Feki zipo nyingi. Angalia maandishi kwenye kauri kama yanafutika kwa kidole na kama ncha zimekaa katikati. Kaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha nusu mzunguko kwa spana. Ya zamani inataka kidogo tu.

Kabureta, safisha. Kabureta mpya ya bei rahisi inakuja na jeti zisizo za injini yako, na utaanza ugonjwa mwingine wa kula mafuta. Nunua tu kama mwili umepasuka, au bomba la resi limelika mpaka linacheza ndani.

CDI na koili, azima kwanza. Mtafute mwenye pikipiki aina ileile, mwombe CDI yake dakika tano. Iwe aina ileile hasa: soketi inaweza kuingia vizuri kumbe moja ni ya magneti na nyingine ya betri, mkaziunguza mbili badala ya kuokoa moja. Fundi anayekataa kujaribisha na kukuambia "nunua tutaona" anafanya utafiti kwa pesa yako.

Kama pikipiki haina kabureta

Pikipiki za injekta, zinazopulizia petroli kwa umeme badala ya kabureta, zimeshaanza kuonekana vijiweni, na ubishi wa moto na mafuta unabadilika sura. Ukiwasha ufunguo sikiliza chini ya tangi: pampu inapaswa kunguruma sekunde mbili tatu kisha kunyamaza. Kimya maana yake ni fyuzi, rilei, pampu au betri. Hapa betri ndiyo kila kitu. Ikilala, hakuna pampu wala kompyuta, na kuishtua kwa kawaida hakusaidii. Taa ya injini kwenye dashibodi inapepesa kwa mpangilio, na kwenye modeli nyingi mpangilio huo ni namba ya kosa iliyo kwenye kitabu cha pikipiki. Usiruhusu mtu apulize injekta kwa kompresa ya kupaka rangi.

Kwa anayechagua cha kununua: injekta inawaka vizuri Njombe na Dar bila choki, na haina jeti ya kuziba kirahisi. Ila ikigoma Kilosa ndanindani, mzee wa mahindi hatakusaidia. Mimi kwa kazi ya mjini ningechukua injekta. Kwa kubeba mizigo ya vijijini, bado naendesha ya kabureta, na chini ya siti kuna spana namba 18, plagi moja, fyuzi mbili, bisibisi ya vichwa viwili, na ile pini ya nguo.